Kabla hujawasha, nionyeshe ubao utarukia wapi

Kila mwanafunzi anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya mashine katika karakana yetu hukutana na swali moja. Simwombi anitajie kanuni. Kanuni zimebandikwa ukutani, na wengi huwa wamezikariri kabla hata hawajashika ubao. Ninamwambia hivi: "Mashine hii ikikushinda nguvu, ubao utakwenda wapi? Nionyeshe kwa kidole." Asipoweza kuonyesha, siku hiyo hawashi.

Nimefundisha useremala shuleni kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba mwanafunzi anayeitetemekea mashine na yule asiyeiogopa hata kidogo wana tatizo lilelile. Wote wawili hawajui mashine inafanya nini. Mwoga husukuma ubao kwa kusitasita, akafika katikati akaingiwa na hofu, akaanza kuurudisha nyuma huku diski yenye meno inazunguka. Jasiri naye hupitisha mkono juu ya diski kuokota kipande kilichokatika. Ukiwaambia wote "kuweni waangalifu" hujawasaidia chochote. Wawe waangalifu na nini?

Chukua msumeno wa meza. Diski yake huzunguka kuja upande wako. Meno yaliyo mbele, karibu nawe, yanashuka, kwa hiyo yanaukandamiza ubao kwenye meza na kukufanya ujione umeutawala. Lakini nyuma ya diski meno yanapanda. Ubao ukiyagusa hayo ya nyuma, yanauinua, yanaupitisha juu ya diski na kuurusha kwa aliyesimama akiusukuma. Mimi huliita teke.

Wanafunzi wangu hupiga hesabu ya teke hilo kwenye ubao wa kuandikia kabla hawajaligusa somo la vitendo. Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 53 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 190 kwa saa. Ikiwa na meno 40, meno zaidi ya 2,600 hupita mahali pamoja kila sekunde. Mtu anahitaji takriban moja ya tano ya sekunde kushtuka na kuanza kuvuta mkono. Ndani ya muda huo meno 500 na ushei yameshapita. Tukifika hapo darasa hunyamaza, kwa sababu wameona wenyewe kwamba "nitawahi kuutoa mkono" haipo.

Sasa, ubao unafikaje kwenye meno ya nyuma? Mara nyingi ni kwa njia mbili. Ya kwanza iko ndani ya mbao yenyewe. Mbao iliyokaushwa vibaya, au iliyokatwa karibu na fundo, imebana nguvu ndani yake. Ukiipasua kwa urefu, nguvu ile inafunguka na vipande viwili vinajikunja kuelekeana, mpasuko unafumba na kuibana diski kwa nyuma. Ya pili ni ubao kuiacha ile reli unayoegemezea na kukaa mshazari.

Dawa ya yote mawili ni kibamba chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya diski, milimita chache tu kutoka kwenye meno. Kinauzuia mpasuko usifumbe na kinauzuia ubao usifike kwenye meno yanayopanda. Ni kitu kidogo, na ndicho cha kwanza kufunguliwa na kutupwa kabatini, kwa sababu kuna kazi chache ambazo kinazizuia. Anayekifungua kwa kazi moja hukisahau kwa mwaka mzima.

Najua, kwa sababu nilijifunzia katika karakana ambayo kibamba hicho hakikuwepo, na hakuna aliyekumbuka kilikowekwa. Nilikuwa napasua ubao wa urefu wa mkono. Nilisikia sauti ya msumeno ikizama, kama mtu anayebeba mzigo uliozidi, na kabla sijaelewa nilichosikia ubao haukuwa tena mikononi mwangu. Ulinipiga kwenye nyonga. Wiki mbili sikuweza kulalia ubavu ule. Lakini nyonga si jambo ninalowasimulia wanafunzi zaidi. Ninawasimulia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeuegemeza juu ya ubao, na ubao ulipoondoka ghafla mkono ukaporomoka mbele, kuelekea kwenye diski. Ulitua mezani, vidole viwili tu kutoka kwenye meno.

Hivi ndivyo watu wengi wanavyokatwa. Hawakati vidole vyao kwa kuvisogeza kwenye diski kwa uzembe. Ubao walioutegemea unatoweka chini ya mkono, na mkono unakwenda ulikokuwa umeelekea. Ndiyo maana tunasukuma kwa kijiti cha kusukumia, ndiyo maana tunasimama pembeni kidogo mwa mstari wa diski, na ndiyo maana diski tunaishusha hadi meno yake yajitokeze kidogo tu juu ya ubao. Vijiti vya kusukumia wanavitengeneza wanafunzi wenyewe, kwa msumeno wa mkono, wiki ya kwanza. Kikikatwa na diski, hongera, kimefanya kazi yake, tengeneza kingine.

Huwa naulizwa kuhusu misumeno inayojizima inapogusa ngozi. Ipo. Mmarekani Steve Gass ndiye aliyebuni mfumo wa SawStop mwaka 1999: diski hupitishiwa umeme mdogo, mwili wa mtu unapoigusa umeme huo hubadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno na kuisimamisha diski ndani ya milisekunde 5 hivi. Shule inayoweza kuununua inunue, nasema hivyo bila kusita. Lakini mfumo huo unatambua ngozi, hautambui ubao. Teke unaliacha vilevile. Kibamba bado kinahitajika.

Kuna kosa jingine la msumeno wa meza ambalo mwanafunzi hodari ndiye hulifanya. Anataka kukata vipande vingi vyenye urefu sawa, basi anausukuma ubao kwa kigezo cha kukatia kwa upana, kile kinachoteleza juu ya meza kikiushikilia ubao, na papo hapo anaugusisha mwisho wake kwenye reli. Inaonekana busara. Kipande kikishakatika kinabaki kimenaswa kati ya diski na reli, hakina pa kwenda, kinapinda kidogo na kurushwa. Funga kijibao kifupi kwenye reli, upande wako, mbali kabla ya diski. Pimia urefu hapo, kisha kipande kikikatika kina nafasi ya kupumua.

Glavu sasa. Kila mwaka mzazi mmoja mwenye mapenzi mema humnunulia mwanawe glavu nene za kazi, na kila mwaka inanibidi nimwambie kijana azivue. "Mwalimu, mbona ni za usalama?" Ni za usalama unapopakua mbao zenye vibanzi au unapobeba mabati. Mbele ya kitu kinachozunguka, glavu ni kamba uliyojifunga mkononi. Ncha ya drili ikikugusa kidole kitupu inakuchana na unajivuta. Ikigusa glavu inaishika nyuzi zake, inaizungusha, na mkono unafuata. Kwa sababu hiyohiyo tai ya shule inavuliwa, kamba ya kitambulisho inavuliwa, mikono ya shati inakunjwa juu ya kiwiko, nywele zinafungwa, mtandio unaingizwa ndani ya ovaroli. Spika za masikioni zinabaki kwenye begi.

Drili ya kusimama hudharauliwa kwa kuwa inaonekana mpole. Swali langu linaifaa sana. Ncha huzunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Ikikwama ndani ya ubao, ubao nao utazunguka hivyohivyo. Kwa hiyo ubao mrefu uweke upande wake mrefu uelekee kushoto kwako: ukizunguka utagonga nguzo ya mashine na kusimama hapo, badala ya kukupiga tumboni. Vipande vifupi vifungwe kwa klampu, havishikwi kwa mkono. Na ufunguo wa kukazia ncha hauachwi kwenye kichwa cha drili hata kwa sekunde ya kugeuka kuchukua penseli. Sheria yetu ni kwamba ufunguo ukiwa kichwani, mkono uko juu yake.

Ruta ya mkono, mashine ya kuchonga kingo na mifereji kwenye mbao, nayo ina upande wake. Ukiwa unakabili ukingo wa ubao, isukume kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda kinyume itakuvuta na kukukimbia. Msumeno wa utepe una huruma zaidi kwa kuwa utepe wake unashuka na kuukandamiza ubao mezani; shusha tu kile kilinzi cha juu hadi kikaribie ubao, na usikate kipande cha duara bila kukitilia kitu cha kukizuia kisibingirike.

Sasa nije kwenye umeme, maana hapa ndipo nilipokaribia kumpoteza mwanafunzi.

Umeme ulikatika katikati ya somo. Mashine zote zikanyamaza pamoja, wanafunzi wakafanya yale ambayo wangefanya wanafunzi wowote, wakaanza kuzungumza. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye msumeno wa meza aliona kibanzi kimekwama kando ya diski. Diski imesimama, umeme haupo; akaingiza vidole kukitoa. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake, na nilichokiona si vidole vyake, ni swichi. Ilikuwa swichi ya kawaida ya kugeuza, na ilikuwa bado imewashwa. Nilimwita jina kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akashtuka, akarudi nyuma. Umeme haukurudi wakati ule. Ulirudi baada ya nusu saa. Lakini ungeweza kurudi wakati wowote, na msumeno ungeanza kuzunguka bila mtu kuugusa.

Tangu siku hiyo hakuna mashine kwetu yenye swichi ya namna ile. Zipo swichi zinazojiachia zenyewe umeme ukikatika, na umeme ukirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kitufe tena. Ni badiliko dogo kwa fundi umeme, na kama ungeniambia nichague kitu kimoja tu cha kununua kwa karakana ya shule, ningechagua hicho kabla ya mashine mpya yoyote. Pamoja nacho kuwe na kitufe kikubwa chekundu ukutani cha kuzima kila kitu, na kila mwanafunzi akijue kilipo hata akifumba macho. Tunafanya zoezi hilo kwa kweli: anafumba macho, anatembea, anakibonyeza.

Kubadilisha diski au kusafisha kibanzi ni baada ya kuchomoa plagi. Si kuzima tu. Plagi iwe inaonekana juu ya meza, mbele ya macho ya anayefanya kazi, asiweze mwingine kuichomeka kwa kudhani anasaidia. Saketi nzima inalindwa na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme unapovuja, na waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye kibiringita unafunguliwa wote hata kama unahitaji mita 2 tu, kwa sababu ukiwa umejikunja unapata joto na ngozi yake inaweza kuyeyuka.

Vumbi halina damu, kwa hiyo hakuna anayeliogopa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka vumbi ya mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua na ya matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa inayoizunguka. Maranda makubwa yanayoanguka sakafuni hayanisumbui. Linalonisumbua ni lile jembamba la mashine ya msasa, ambalo unaliona tu mwale wa jua unapopita dirishani, na ambalo linabaki hewani hata baada ya mashine kuzimwa. Linyonywe pale linapozaliwa, kwa bomba lililofungwa kwenye mashine. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ile inayobana uso na kuchuja. Wala vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwani hapo umelitoa mezani na kulipeleka mapafuni.

Kuhusu masikio nitasema hili tu. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, lakini desibeli 100 kwa dakika 15 tu, na msumeno unapokata mbao ngumu hufika huko kwa urahisi. Anayesubiri zamu yake anavaa vilinda masikio sawa na anayekata.

Kipindi kikiisha, wanafunzi wanafagia, nami nazungukia mashine moja moja: diski imeshushwa chini ya meza, plagi imechomolewa, swichi kuu imefungwa kwa ufunguo. Mwisho kabisa nakusanya vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta ya kitani. Vikirundikwa ndoweni, mafuta yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti wala cheche. Navianika nje kwenye kamba, kimoja kimoja, visigusane, ndipo nafunga mlango.