Kiazi kikavu, soda, na babu anayependa tamthilia

Shangazi yangu hasemi kama tamthilia ni nzuri au mbaya. Utajua kwa anavyokaa. Ikimkera anasogea kwenye ncha ya kochi na kuanza kugombana na televisheni. Ikimpendeza anaegemea, anaweka miguu juu ya kistuli, na mtu asimletee habari za simu. Business Proposal aliitazama ameegemea sehemu kumi nzima, mimi pembeni namfasiria kwa mdomo, maana Kikorea ndiyo kazi inayonilisha. Zilipobaki mbili za mwisho akasogea kwenye ncha ya kochi. "Walikuwa wanakimbia vizuri hawa," akasema. "Nani kawaambia wajikwae?"

Nimesoma maoni mengi ya watazamaji wa Korea kuhusu tamthilia hii, ya walioipenda na ya walioiona ya kitoto, na mengi yanazunguka palepale alipogusa shangazi. Ila Wakorea wana msamiati wao wa kulisemea jambo hilo, na msamiati huo ndio ulionifanya niandike.

Kwa asiyeijua: ilirushwa na kituo cha SBS usiku wa Jumatatu na Jumanne, kuanzia mwisho wa Februari hadi mapema Aprili 2022, na duniani kote ikapita Netflix. Hadithi yake ilianza kama riwaya ya mtandaoni, kisha ikachorwa kuwa webtuni, zile katuni za Kikorea zinazosomwa kwa kuteremsha kidole kwenye simu. Shin Ha-ri, anayeigizwa na Kim Se-jeong, ni mtafiti wa vyakula katika kampuni ya kubuni iitwayo GO Food. Rafiki yake Jin Young-seo, binti wa tajiri, anamwomba aende badala yake kukutana na mwanamume aliyetafutiwa na baba yake, na akifika huko aharibu mambo. Ha-ri anakwenda kajipamba kupita kiasi, anaropoka kila upuuzi ili akataliwe. Kumbe aliyeketi mbele yake ni Kang Tae-mu, mkurugenzi wa kampuni anayofanyia kazi, na Tae-mu amechoshwa mno na babu yake kumletea wachumba hata ameshaapa kumwoa yeyote atakayekutana naye siku hiyo.

Ukisikia hivyo unajua mwisho wake. Kila mtu anajua mwisho wake. Sasa mbona watu wakaitazama?

Twende kwenye kiazi. Wakorea wakiona tamthilia inawabana, wahusika hawaambizani ukweli, mwovu anashinda wiki baada ya wiki, husema hiyo ni goguma, yaani kiazi kitamu. Si kila kiazi kitamu. Kuna aina laini yenye majimaji wanayoifananisha na boga, na kuna ile kavu wanayoifananisha na njugu za chestinati. Ukiila bila kinywaji inakuganda kifuani unabaki unajipigapiga. Aliyewahi kushindilia kiazi cha kuchemsha asubuhi kabla chai haijafika hahitaji tafsiri. Kinyume chake ni saida. Hiyo ni soda isiyo na rangi, yenye ladha ya limau. Mhusika anaposema hatimaye lile neno ulilokuwa unalisubiri, au mwovu anapoumbuliwa hadharani, hiyo ndiyo saida: kiazi kimeshuka, umebeua, unapumua.

Waandishi wa tamthilia za Kikorea wamezoea kulisha kiazi kwa muda mrefu ili soda iwe tamu, na hesabu yenyewe ni ya kibiashara: ukiachwa na donge kifuani Jumanne, Jumatatu utarudi. Business Proposal haikufuata hesabu hiyo. Tamthilia nyingi za mapenzi za huko huwa na sehemu 16. Hii ina 12 tu. Siri ya Ha-ri, ambayo mwandishi mwingine angeibana mpaka karibu na mwisho, Tae-mu anaigundua kabla hatujafika katikati. Yule kijana mpishi ambaye Ha-ri amempenda kimyakimya kwa miaka saba hageuki kuwa vita ya wanaume wawili inayokula mwezi mzima. Anawekwa kando na maisha yanaendelea. Kila donge linapoanza kuganda, soda inamiminwa. Watazamaji wa Korea wakaliona hilo na wakalipa kwa macho yao: ilianza na kiwango cha utazamaji chini ya asilimia 5, ikamaliza juu ya asilimia 11. Kwa kituo cha kawaida cha televisheni, katika zama ambazo vijana wengi hawana hata televisheni chumbani, hilo si jambo dogo.

Wanaoilaumu husema imejaa mambo yaliyozoeleka. Ni kweli, wala hakuna anayebisha. Wakorea wana jina kwa kila kipande. Msichana maskini asiyekata tamaa, anayecheka huku analia, humwita "Kaendi", kutokana na Candy wa ile katuni ya Kijapani iliyotazamwa sana Korea miongo kadhaa iliyopita. Bwana tajiri wa ofisini mwenye suti na uso wa barafu ana jina la cheo, siljang-nim, mkuu wa idara, kwa sababu kulikuwa na kipindi ambapo kila stelingi wa tamthilia za mapenzi alikuwa mkuu wa idara katika kampuni ya baba yake. Kwa hiyo mtazamaji wa Seoul anapomwona Ha-ri, ambaye wazazi wake wanauza kuku wa kukaanga, akigongana na Tae-mu, hashangai. Anaweka tiki.

Kinachowatenganisha watazamaji ni kama wameusikia mzaha au hawajausikia. Mwenyekiti Kang, babu yake Tae-mu, anayeigizwa na mkongwe Lee Deok-hwa, ni mlevi wa tamthilia. Ana moja ya kila siku, ya mwanamke aitwaye Geum-hui anayeteswa na dunia na kukaza moyo, na ikianza hataki kusumbuliwa hata na mambo ya kampuni. Ha-ri anapobanwa na kuhitaji jina la uongo, anajiita Shin Geum-hui. Yaani mwandishi amekuwekea ndani ya tamthilia mtazamaji wa tamthilia, tena tajiri, mzee, mwenye amri juu ya mamia ya watu, na bado anatokwa machozi kwa mambo yaleyale ambayo wewe unajidai umeyachoka. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi wa kazi hii kuliko mahali pengine popote. Na huyo babu ndiye shangazi alimpenda kuliko Tae-mu na urefu wake wote. "Huyu mzee ana akili," alisema, akajirekebishia mto.

Upande wa pili, nawaelewa waliosema hawakucheka. Ucheshi wa tamthilia hii ni wa webtuni: macho yanatoka, mtu anaruka nyuma ya sofa, sauti za katuni zinapigwa juu ya tukio. Kim Se-jeong, aliyeanzia kwenye muziki wa vikundi vya wasichana, haogopi kuikunja sura yake mpaka uzuri wote upotee, na wapo wanaoona hizo ni kelele. Kwangu mimi yeye ndiye anayebeba mzigo. Ahn Hyo-seop, anayeigiza Tae-mu, amefanya jambo gumu zaidi ya linavyoonekana, kubaki na uso mkavu mbele ya mtu anayefanya vituko, lakini mwondoe Se-jeong uone kama kuna kitakachobaki zaidi ya suti.

Kuna mambo ambayo mtazamaji wa Kiswahili anayakosa, na hapo lawama ni yetu sisi watafsiri. Jina la Kikorea ni Sanae Matseon. Sanae ni "ndani ya kampuni". Matseon ndiyo shida. Wakorea wana namna mbili za kukutanishwa. Moja ni sogaeting: rafiki anakukutanisha na mtu, mnakunywa kahawa, msipopendana mnaagana. Matseon ni nzito. Ina wazazi nyuma yake, mara nyingi ina mshenga, pengine wa kulipwa, na mnapokaa mezani kila mmoja anajua kwamba kinachopimwa ni ndoa: ukoo, kazi, mali. Ukiandika tu "miadi" kwenye maandishi ya chini, mtazamaji haelewi kwa nini Ha-ri anatetemeka kiasi kile. Mimi nilimwambia shangazi, "Ameenda kuangaliwa na upande wa mume, na si yeye mwenye posa." Akaketi sawa mara moja.

Halafu kuna sajang-nim. Ndivyo Ha-ri anavyomwita Tae-mu: mheshimiwa mkurugenzi. Anamwita hivyo ofisini, anamwita hivyo wakigombana, na hata wakishapendana neno hilo bado linamtoka. Tae-mu naye anamwita Shin Ha-ri-ssi, jina kamili na kiambishi cha adabu. Kwa Mkorea utamu uko katika kuona neno lilelile la ofisini linavyobadilika joto kadiri siku zinavyokwenda, bila herufi moja kubadilika. Kiswahili kingeweza kulibeba hilo kwa "bosi", kwa sababu "bosi" letu nalo linaweza kuwa la woga, la kejeli au la mahaba kutegemea nani analisema na saa ngapi. Badala yake mara nyingi naona wameandika "mpenzi" mapema mno. Imeisha ladha. (Oppa, neno ambalo mwanamke humwitia kaka yake na pia mpenzi aliyemzidi umri, nalo ni balaa jingine. Ukiandika "kaka", ukumbi mzima unacheka, na mapenzi yameshakufa.)

Neno hilohilo la bosi ndilo linalowasumbua watazamaji wengine, na hoja yao sitaki kuipuuza. Huyu ni mwajiri. Anamlipa mfanyakazi wake ajifanye mchumba, na akishajua kwamba kadanganywa anamchezea akili kwa siku kadhaa kabla ya kumwambia kuwa anajua. Korea ilipitisha sheria dhidi ya unyanyasaji kazini, ikaanza kutumika Julai 2019, kwa hiyo tamthilia hii imetoka kwenye nchi ambayo tayari ilikuwa inalizungumzia jambo hilo kwa jina. Wapo wasomaji wangu wanaosema ni mchezo tu. Mimi nilicheka katika zile sehemu, sitakataa, lakini nilicheka kwa sababu kamera iko upande wa Ha-ri na tunaona anavyopambana kutoka kwenye mtego. Kamera ingehamia upande wa Tae-mu, nadhani ningezima.

Kuhusu Young-seo na katibu Cha Sung-hoon, wapenzi wa pembeni wanaoigizwa na Seol In-ah na Kim Min-kyu, wengi waliwapenda kuliko wakuu. Ukilitazama lile tukio la katibu kuvua miwani kabla ya busu utaelewa. Sina la kuongeza. Na kwa wanaouliza kwa nini wahusika wa tamthilia za Kikorea wanasimama ghafla kula chakula huku nembo inaonekana vizuri: matangazo ya ndani ya vipindi yaliruhusiwa kisheria mwaka 2010, na ndiyo yanayolipia sehemu ya gharama. Katika hadithi ya kampuni ya chakula yanameng'enyeka kwa urahisi kidogo.

Ukitaka kujua mashabiki wanavyoilinda hadithi hii, angalia kilichotokea Indonesia mwaka 2025. Walitengeneza filamu yao kutokana nayo, na mwigizaji mkuu akasema hadharani kwamba hakuitazama yote ile ya Korea. Mashabiki wakasusia. Watu walewale wanaoiita nyepesi, wakikuta mtu mwingine kaichukulia wepesi, wanawaka.

Sasa zile sehemu mbili za mwisho. Babu, yuleyule mpenzi wa tamthilia, anageuka kizuizi: hataki mjukuu wake amwoe binti wa wauza kuku aliyemdanganya. Hilo nalikubali, kwa sababu kuna ucheshi wa mzee anayelia kwa ajili ya Geum-hui wa kwenye kioo na kumkataa Geum-hui wa kwake sebuleni. Lakini badala ya kuubana ucheshi huo mpaka utoe maji, wanamtia mzee ugonjwa, wanampeleka Marekani kutibiwa, Tae-mu anamfuata, na mwaka mzima unaruka. Kuruka mwaka ni ugonjwa wa kale wa tamthilia za Kikorea. Wapenzi wanatenganishwa si kwa sababu hadithi imedai hivyo bali kwa sababu mwisho unakaribia na mtu kaona haya kuwaoza bila kuwaadhibu kwanza. Baada ya sehemu kumi za soda, unaletewa kiazi kikavu kwenye sahani ya mwisho, tena kimepoa.

Wapo wanaosema hilo ni kosa dogo katika kazi ya kufurahisha. Mimi siioni hivyo. Tamthilia nzito inaweza kuboronga mwisho ukabaki na mengi ya kutafakari. Hii ilikuahidi kitu kimoja tu, kwamba haitakuganda kifuani.

Shangazi aliitazama mpaka majina ya mwisho yakapita. Akavuta kistuli, akarudisha miguu. "Wale wa miwani," akaniuliza, "hawana ya kwao peke yao?" Nikamwambia hawana. Akachukua rimoti, akarudi kwenye sehemu ya kwanza.