Benki Kuu Haikulala: M-Pesa, Meza za Amani na Swali la Nani Anashika Amana

Nimeisikia tena wiki hii, na mara hii ilitoka kwenye mkutano wenye heshima zake: ati Kenya iliongoza dunia kwa pesa za simu kwa sababu Benki Kuu ilikuwa imelala. Msemaji hakuishia hapo. Alisema sarafu za kidijitali nazo ziachwe zijiendee, na hata diplomasia ifuate njia hiyohiyo: wape wageni ukumbi, kisha ukae kando. Kazi yangu ni mifumo ya malipo. Madai haya si ya kweli, na yakiendelea kurudiwa yatatugharimu.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, baada ya majaribio yaliyogharimiwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza. Hayo yanajulikana, nayapita. Kinachosahaulika ni barua ya kutopinga iliyotolewa na Benki Kuu, na masharti yaliyoambatana nayo. Swali lilikuwa moja: je, hii ni benki? Benki hupokea pesa za umma na kuzikopesha. Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, haikuruhusiwa kufanya hivyo. Pesa zote za wateja zilitakiwa kukaa kwenye akaunti ya amana, yaani ya kuwatunzia wateja pesa zao, katika benki ya biashara, chini ya mdhamini ambaye ni kampuni tofauti, na kila shilingi iliyo kwenye simu iwe na shilingi halisi nyuma yake. Riba ya akaunti hiyo haikuwa faida ya Safaricom. Mwanzoni mteja hakuweza kutuma zaidi ya shilingi 35,000 kwa mara moja, wala kuweka zaidi ya 50,000. Aliyelala haandiki masharti ya namna hiyo.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera kuliko yote, kwa sababu hata wachumi hulikosea. Watu hudhani ukimpa wakala shilingi 1,000, yeye huzipeleka Safaricom, nayo Safaricom ikatengeneza 1,000 nyingine kwenye simu yako. Sivyo. Wakala ana floti tayari, yaani pesa za simu kwenye akaunti yake, aliyoipata baada ya pesa kuwekwa benki kwenye akaunti ya amana. Ukimpa noti zako, anakuhamishia kipande cha floti yake, na noti zinakuwa mali yake, zinabaki kwenye droo. Jumla ya pesa za simu nchini haikuongezeka hata senti moja. Huongezeka pale tu pesa zinapoingia kwenye akaunti ya amana, na hupungua zinapotoka. Ndiyo maana wakala aliyejaa noti anakwambia hana floti. Mfumo hauwezi kumtengenezea floti kutoka hewani, na hicho ndicho kinachokulinda wewe. Hata Fuliza, huduma ya kukopa salio la M-Pesa linapopungua, ambayo wengi huamini ni Safaricom inayokopesha pesa za wateja wengine, ni mkopo wa benki. Ukichanganya mambo haya, huwezi kuona kwa nini huduma hii ilidumu.

Desemba 2008 waziri wa fedha wa muda, John Michuki, aliagiza M-Pesa ikaguliwe, na ilisemekana mabenki ndiyo yaliyomsukuma. Hesabu ziliposomwa Januari 2009, huduma ilionekana iko imara. Lingepatikana pengo kati ya pesa za simu na pesa za benki, leo tusingekuwa na la kujivunia. Na wanaodhani programu peke yake ilitosha waitazame Afrika Kusini, ambako huduma yenye jina hilohilo ilianza 2010 na kufungwa 2016.

Kuna shaka ambalo sijalimaliza. Akaunti ya amana inakulinda kampuni ya simu ikianguka. Haikulindi vilevile benki yenyewe ikianguka, na sisi tuliona Dubai Bank na Imperial Bank zikianguka mwaka 2015, kisha Chase Bank 2016. Dawa iliyowekwa ni kuzitawanya fedha hizo kwenye benki kadhaa. Inapunguza hatari, haiiondoi, na sipendi tunavyolisema hilo kwa sauti ya chini.

Nije kwenye amani, maana uongo ni uleule: kwamba mikataba hutiwa saini Nairobi kwa sababu ya hoteli nzuri na hali ya hewa. Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliyesimamia mazungumzo ya kumaliza vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, hakuwa mwenye ukumbi. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 iliwapa watu wa kusini haki ya kujiamulia baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6, na mkataba kamili ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mimi huvutiwa zaidi na makubaliano ya Naivasha ya Januari 2004 kuhusu mali. Majimbo yenye mafuta yapate asilimia 2 au zaidi ya mapato yake ya mafuta, na mapato halisi yanayobaki ya mafuta ya kusini yagawanywe nusu kwa nusu kati ya serikali ya kusini na ile ya kitaifa. Benki za Kiislamu zihudumu kaskazini, za kawaida kusini, chini ya Benki Kuu moja. Hiyo ni kazi ya watu wa malipo, imekaa katikati ya mkataba wa kumaliza vita. Na palipobaki bila makubaliano ndipo palipopasuka: Sudan Kusini ilipojitenga 2011, ada ya kupitisha mafuta kwenye bomba la kaskazini haikuwa imekubaliwa, na Januari 2012 Juba ikafunga visima.

Sisemi Kenya haikuwa na maslahi. KCB ilifungua tawi Juba mwaka 2006, na benki nyingine za Kenya zikafuata. Sina jibu safi kwa anayeuliza kama msuluhishi anaruhusiwa kuvuna hivyo. Ninachoona ni kwamba mezani pande zote mbili ziliendelea kumkubali, na hilo halikuja kwa kukaa kando.

Februari 2025 tulipata somo la upande wa pili. Kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walikutana Nairobi na kusaini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali yetu ilijitetea kuwa ilitoa tu mahali pa mazungumzo. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Kutoa ukumbi tu, ndiyo sera ileile aliyoisifu msemaji wangu.

Tangu Oktoba 2025 tuna sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani mali za kidijitali kama sarafu hizo, na Benki Kuu ina sehemu yake katika kuwapa leseni. Wanaotaka kuuza sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake imefungwa kwa shilingi au dola waulizwe maswali ya 2007: pesa halisi ziko benki gani, mdhamini ni nani, nani ana ruhusa ya kuzitoa, riba inakwenda wapi, na mkaguzi atazihesabu lini. Asiye na majibu asubiri nje hadi ayapate.