Lifti inayopanda haizidi kuvutwa kwa sababu tu inapanda

Nimeikuta tena, safari hii katika ripoti ya kijana aliye mafunzoni, ile kauli inayonimaliza uvumilivu: kwamba lifti ikisimama kani husawazika, na ikipanda mvuto wa kamba huzidi uzito wa kibanda. Sehemu ya kwanza ni kweli iliyokatwa nusu. Ya pili si kweli kwa sehemu kubwa ya safari ya lifti, na mtu anayetaka kushika kazi ya kukagua kamba, breki na mota hawezi kuruhusiwa kuendelea nayo.

Tuchukue kibanda kitupu chenye tungamo la kilo 1,000, yaani uzito wa Newton 9,800. Kikiwa kimesimama ghorofa ya chini, kamba hukivuta kwenda juu kwa Newton 9,800. Kinapoanza kupanda kwa mchapuko (yaani ongezeko la kasi) wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, mvuto wa kamba hufika Newton 10,800, na hapo tu ndipo kauli ya kijana wetu inapokuwa na haki. Baada ya sekunde chache kibanda hufikia kasi yake ya kawaida, na mvuto hurudi 9,800, ule ule wa kibanda kilichosimama, ilhali ghorofa zinapita moja baada ya nyingine. Kinapokaribia kusimama juu kwa kiwango kile kile cha kupunguza kasi, mvuto hushuka hadi 8,800. Naomba hapo msomaji asipite haraka: kibanda bado kinapanda, na kamba inakivuta kwa kani iliyo ndogo kuliko uzito wake.

Kani tokeo, yaani ile inayobaki kani zote zikijumlishwa kwa kuzingatia mielekeo yake, inaeleza jinsi mwendo unavyobadilika. Kuhusu mwendo wenyewe ni upi, na unaelekea wapi, iko kimya kabisa. Newton aliliweka jambo hili katika sheria yake ya kwanza mwaka 1687, kwamba kitu hubaki kimetulia au kikienda kwa mwendo sare katika mstari mnyoofu mpaka kani tokeo ikibadilishe, na Galileo alikuwa amekwisha kulikaribia kabla yake, lakini wengi wetu tunaifaulu sheria hiyo mtihanini kisha tunatoka nje kuishi na Aristotle, aliyedai kwamba kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa.

Asiyeamini na aingie katika lifti na mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile ya mshale, kwa sababu nyingi za kidijitali hugandisha namba ya kwanza na kukunyima burudani yote. Mtu wa kilo 70 ataona mshale ukipanda hadi 77 hivi lifti inapoanza, ukirudi 70 na kutulia katikati ya safari, kisha ukishuka karibu na 63 lifti inapopunguza kasi juu. Abiria wenzake watamtazama kwa mashaka, lakini hiyo ni gharama ndogo.

Hapa huja pingamizi ambalo nalipenda kidogo, kwa sababu angalau anayelitoa amefikiri: kama kani zimesawazika katikati ya safari, mota inakula umeme wa nini? Jibu ni kwamba kusawazika kwa kani mbili hakuzifuti. Kamba inaendelea kuvuta kwa Newton 9,800, na kila mita ambayo kibanda kinapanda ni kazi iliyofanywa na mvuto huo. Tena katika lifti nyingi za kamba mota haiubebi mzigo huo peke yake, maana upande wa pili wa gurudumu huning'inia uzani wa chuma, ambao kwa kawaida hulingana na kibanda kitupu pamoja na nusu hivi ya mzigo kinachoruhusiwa kubeba. Kibanda chetu kikiruhusiwa kubeba kilo 800, uzani huo utakuwa na kilo 1,400, yaani Newton 13,720. Kwa hiyo kibanda kitupu kinapopanda kwa mwendo sare, uzani unakishinda kwa Newton 3,920, na mota, nikipuuza msuguano, ina kazi ya kukizuia kibanda kisiende mbio. Wanaoamini kwamba kupanda ni kuvutwa na mota hawana pa kuiweka lifti ya namna hiyo, na mafundi wanaiona kila siku.

Kuhusu sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina mjibizo ulio sawa nayo na unaoelekea kinyume, nitasema machache tu. Uzito wako na msukumo wa sakafu kwenye nyayo zako si jozi ya kani na mjibizo wake, kwa kuwa zote mbili zinatenda juu yako wewe. Mwenza wa uzito wako ni kani unayoivutia dunia. Kani za jozi haziwezi kusawazishana kwa sababu zimo katika miili miwili tofauti. Tuendelee.

Lililobaki ni lile ambalo vitabu vya shule hulifunika. Mtu wa kilo 70 aliyesimama wima Dar es Salaam, mfano wetu mkuu wa kani zilizosawazika, anazungushwa na dunia, na kwa mtazamaji aliye nje ya mzunguko huo kani zilizo juu yake zimepishana kwa zaidi kidogo ya Newton 2. Katika hesabu za lifti tofauti hiyo haifiki nusu ya asilimia moja, ilhali viwango vya Ulaya hudai lifti yenye kamba tatu au zaidi iwe na akiba ya uimara ya walau mara 12, yaani kamba ziweze kuhimili walau mara 12 ya mzigo wake, kwa hiyo naichukulia sakafu kuwa imetulia bila kusitasita. Lakini mwanafunzi akiuliza imetulia kwa mtazamaji yupi, najikuta nikimjibu: kwa yule ambaye kwake sheria ya kwanza inatimia, na akiuliza tutamjuaje mtazamaji huyo, jibu la kawaida ni kwamba tutamjua kwa kuona sheria ya kwanza ikitimia. Mzunguko huo wa hoja haujawahi kuniridhisha, na Einstein aliuzidishia uzito alipoonyesha kwamba mtu aliyefungiwa katika kibanda kidogo kisicho na dirisha hawezi, kwa kipimo chochote cha humo ndani, kutofautisha kusimama juu ya dunia na kuvutwa kwa mchapuko mahali pasipo na nguvu yoyote ya uvutano.