Supavisheni si kukaguliwa makosa

Hapa Malindi ukimwambia mtu anayelea vijana, awe kochi wa biashara ama menta wa mabichi boi kule ufukweni, kwamba na yeye anafaa awe na supavaiza, yaani msimamizi wake, atakuuliza kwani nimekosa nini? Tumezoea kudhani msimamizi ni nyapara, tena eti wa wanaoanza tu. Sivyo jamani. Hii supavisheni imetoka kwa watu wa ustawi wa jamii na saikolojia, na huko hata mkongwe wa miaka 20 bado anaenda. Unakaa na mwenzako mwenye uzoefu, unamweleza kesi zako bila kutaja majina ya watu, mnaziangalia pamoja. Brigid Proctor, mtaalamu wa supavisheni wa Uingereza, aliigawa mara tatu: kulinda maadili, kukuza ujuzi, na kumpa nguvu upya huyo mlezi mwenyewe, na mimi naona hili la tatu ndo linasahaulika sana, maana ukibeba shida za vijana kumi kila wiki (mmoja kafiwa, mwengine yuko kwa unga, yaani dawa za kulevya) utaenda kuzitua wapi? Kinyozi hajinyoi. EMCC, shirika la makochi na mamenta lililoanzia Ulaya, linapendekeza saa 1 ya supavisheni kwa kila saa 35 za kazi hiyo, wala si nyingi.