Hatari ya kuanguka: mtaalamu wa fiziotherapia anapima nini hasa?

Mgonjwa anayepelekwa fiziotherapia baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, iwe ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, hospitali ya CCBRT Msasani au kliniki ndogo ya mtaani, huenda akitarajia mazoezi. Kabla ya mazoezi hupimwa jambo ambalo ndugu waliomleta hawakuliwaza: uwezekano wa yeye kuanguka. Vifaa vya kupimia ni kiti, saa, kipimo cha presha na maswali mengi.

Kuanguka, kwa maana ya kitabibu, ni mtu kujikuta chini bila kukusudia. Si lazima aumie. Aliyeserereka kutoka kitandani akakaa sakafuni naye ameanguka, hata kama aliinuka akicheka. Wagonjwa wengi hawahesabu hivyo. Bibi akiulizwa kama ameanguka mwaka huu hujibu, "Hapana mjukuu wangu, niliteleza tu bafuni." Kwa hiyo mtaalamu mzoefu huuliza: "Bibi, katika miezi 12 iliyopita umewahi kujikuta chini?" Hapo ndipo habari huanza kutoka. Ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, ningeuliza hilo, kwa sababu aliyekwisha kuanguka ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena.

Kisha huulizwa alivyoanguka. Alikuwa akifanya nini? Kizunguzungu kilitangulia? Alipoteza fahamu? Mitaani tumezoea kusikia kwamba fulani "alianguka bafuni akapooza", kana kwamba sakafu ndiyo iliyomletea kiharusi. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume: kiharusi kilianza, mguu ukaishiwa nguvu, ndipo akaanguka. Tofauti hiyo ina uzito. Aliyeteleza kwenye sabuni anahitaji msaada mmoja. Aliyezimia anatakiwa kurudi kwa daktari kabla hajafanyishwa zoezi lolote.

Vipimo vyenyewe ni vyepesi kuvielezea. Kinachotumika sana ni TUG (Timed Up and Go, yaani kuinuka na kutembea kwa kuhesabiwa muda), kilichoanza kuandikwa mwaka 1991: mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, mtaalamu huanza kuwa na wasiwasi. Lakini mwenye jicho zuri haangalii saa peke yake. Huangalia kama mgonjwa amejisukuma kwa mikono ili ainuke, kama amegeuka kwa vihatua vingi vidogo, kama amejibwaga kitini. Kipimo cha Berg, cha uwezo wa kusimama bila kuyumba, ni kirefu zaidi: kina kazi 14, kila moja hupewa alama 0 hadi 4, jumla 56, na walio chini ya 45 huhesabiwa mara nyingi kuwa hatarini. Presha nayo hupimwa mgonjwa akiwa amelala, kisha akisimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, hicho huenda ndicho kinachomyumbisha kila asubuhi, na huenda chanzo chake ni dawa anazokunywa. Mwenye kisukari hupimwa pia kama nyayo zake bado zinahisi, maana mguu usiohisi ardhi hauwezi kuurekebisha mwili kwa wakati.

Hofu nayo hupimwa. Aliyekwisha kuanguka huanza kukaa muda mrefu, familia inamhimiza atulie, misuli inapungua, na hatari inaongezeka badala ya kupungua. Kauli ya "mama asiguse kitu" hutoka kwa wanaompenda, lakini nadhani imedhoofisha wazee wengi.

Kinachonisumbua ni kwamba sakafu ya kliniki ni kavu, tambarare na ina mwanga. Maisha ya Dar hayako hivyo. Kuna choo cha kuchuchumaa kisicho na pa kushika. Kuna vigae vya bafuni vinavyong'aa, ndala zilizolika soli, na kile kizingiti kilichojengwa mlangoni kuzuia maji ya masika. Umeme unakatika usiku na choo kiko uani. Nje kuna mtaro usio na mfuniko, na daladala inayoanza kuondoka kabla abiria hajashika bomba. Mgonjwa anaweza kumaliza TUG kwa sekunde 10 na bado akawa hatarini nyumbani kwake. Kwa hiyo maswali kuhusu nyumba ni sehemu ya kipimo: anaoga wapi, anaamka mara ngapi usiku, nani yuko nyumbani mchana?

Matokeo yake yanapaswa kuwa mpango wa mgonjwa huyu mwenyewe. Mmoja atapewa mazoezi ya nguvu za mapaja na ya kutoyumba, mwingine atarudishwa kwa daktari dawa zikaangaliwe, mwingine ataambiwa afunge bomba la kushika chooni na kuweka tochi karibu na mto. Na fimbo ipimwe. Ile ya marehemu babu, iliyokuwa nyuma ya mlango, inaweza kuwa ndefu mno. Mgonjwa akisimama wima, amevaa viatu, mikono ikining'inia, kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, na fimbo ishikwe upande wa mguu usio na tatizo.