Udahili wa chuo kikuu Tanzania na Kenya: nani anayeamua?

Udahili ni hatua ya chuo kikuu kumpokea mwombaji kuwa mwanafunzi wake baada ya kuthibitika kwamba ana sifa zinazotakiwa. Tanzania na Kenya hazitofautiani katika maana hiyo. Zinatofautiana katika swali la nani anayempangia kijana chuo na kozi, na wazazi wengi wenye watoto wanaovuka mpaka hulikuta swali hilo wakiwa wamechelewa.

Nchini Kenya, mlango ni mtihani wa KCSE unaofanywa mwishoni mwa kidato cha nne, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulioanza mwaka 1985 uliondoa kidato cha tano na cha sita. Anayetaka kusomea shahada hana budi kupata wastani wa C+ au zaidi. Baada ya hapo huorodhesha kozi anazozitaka kwa KUCCPS, shirika la serikali lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, nalo huwashindanisha waombaji kwa pointi za klasta, ambazo hutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na matokeo ya jumla. Ndiyo maana wanafunzi wawili wenye B sawasawa huweza mmoja kupangiwa uhandisi na mwenzake akaukosa.

Tanzania iliwahi kuwa na utaratibu unaokaribiana na huo. Kuanzia mwaka 2010, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipokea maombi yote kupitia mfumo mmoja wa pamoja, lakini mwaka 2017 kazi hiyo ikarudishwa kwa vyuo vyenyewe. Leo mhitimu wa kidato cha sita, mwenye angalau ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, yaani mchepuo wa masomo aliousomea kidato cha tano na cha sita, unaofikisha pointi 4.0, huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Mwenye stashahada huingia kwa sifa linganishi. Tume imebaki kuweka vigezo na kuhakiki majina. Kwa sababu hiyo mwombaji mmoja huweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu, na hapo hulazimika kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, kabla muda uliotangazwa haujaisha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuchaguliwa peke yake hakutoshi: asiyethibitisha hupoteza nafasi ambayo alama zake zilimstahilisha.

Kwa maoni yangu, utaratibu wa Tanzania unampa kijana uhuru mkubwa zaidi, ila unamtwika gharama ya ada ya maombi kwa kila chuo, mzigo ambao familia maskini huuhisi.

Fedha nazo zina njia zake. Nchini Kenya, ufadhili wa serikali hufuata upangaji wa KUCCPS, hivyo anayejiombea mwenyewe katika chuo binafsi hujilipia. Nchini Tanzania, mkopo huombwa kando, kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na anayesoma chuo binafsi naye anaweza kuupata.

Mtanzania hufika chuoni baada ya miaka 13 ya shule, ilhali Mkenya wa 8-4-4 hufika baada ya miaka 12, na shahada nyingi za Kenya huchukua miaka minne badala ya mitatu. Vyeti vya pande hizi mbili kwa hiyo havibadilishani hivi hivi: mwenye cheti cha sekondari cha Kenya anayeomba chuo cha Tanzania aanze kwa kutafuta ulinganifu wa matokeo yake katika Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.