Bado Hajatembea: Ninachotazama Kabla ya Kuhesabu Miezi

Wazazi wengi wanaokuja kwangu na wasiwasi huanza na miezi. "Ana mwaka na miezi miwili, bado hatembei." Halafu hutajwa mtoto wa jirani, ambaye sikuzote alitembea akiwa na miezi tisa. Mimi ni mfiziotherapia wa watoto na pia ni mama wa wawili, kwa hiyo hesabu hiyo ya miezi naijua kazini na naijua nyumbani. Umri una maana yake, sikatai. Lakini niache nimtazame mtoto akicheza sakafuni kwa dakika chache, nitajua mengi kuliko ambayo kalenda ingeniambia.

Tuimalize kwanza hiyo kalenda. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wenye afya njema zaidi ya 800 katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yake, kati ya 6.9 na 16.9. Kutembea peke yake, kati ya 8.2 na 17.6. Kwa hiyo mtoto wa jirani wa miezi tisa na wako wa miezi kumi na sita wote wamo ndani ya mipaka, na wakishafika miaka mitatu huwezi kuwatofautisha kwa mwendo wao.

Kama mtoto alizaliwa njiti, hata hesabu yenyewe hubadilika. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, leo ana miezi kumi, mpime kama wa miezi minane. Tunaendelea kuhesabu hivyo mpaka afikishe miaka miwili.

Katika utafiti huohuo, asilimia 4.3 ya watoto hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Wengine hupita moja kwa moja hadi kusimama, wengine huenda kwa tumbo, wengine husota. Mwanangu wa pili alikuwa msotaji. Alikaa, akakita kiganja cha kulia sakafuni, akavuta kisigino cha kushoto, na huyo ameshafika mlangoni. Suruali zake zilitoboka makalioni huku magotini zikiwa mpya kabisa. Watoto wanaosota mara nyingi huchelewa kutembea, na ukifikiria utaona kwa nini: mikono iko huru, wanaona mbele vizuri, wanafika wanakotaka. Ya nini kuhangaika kusimama?

Mwaka 2022 Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani viliondoa kutambaa katika orodha yao ya hatua za ukuaji. Wataalamu kadhaa walilalamika. Mimi nakubali kwamba kutotambaa pekee si ugonjwa, lakini ningeibakiza hatua hiyo, kwa sababu namna mtoto anavyotambaa hunionyesha kitu. Akiwa anauburuta mguu mmoja kila mara, au mkono mmoja umebaki ngumi chini ya kifua, siulizi tena ana miezi mingapi.

Ndiyo maana natazama pande mbili za mwili. Mzazi huniambia kwa furaha kwamba mtoto wa miezi minane ameshachagua mkono, kila kitu anachukua kwa kushoto. Mimi macho yangu huenda kwenye ule wa kulia. Kabla ya mwaka mmoja mtoto anatakiwa atumie mikono yote. Anayependelea mmoja mapema hivyo huenda ule mwingine una shida. Natazama pia ulegevu: ukimnyanyua kwa makwapa, je, mabega yanashika au anachuruzika mikononi mwako? Na ukakamavu: akisimamishwa, miguu inapishana kama mkasi na kusimamia vidole? Mtoto wa namna hii hasubiriwi afikishe umri fulani.

Asubiriwe hadi lini yule ambaye mengine yote yako sawa? Miezi 18. Hapo apimwe, hata kama babu yake naye alichelewa. Akiwa mvulana, mwombe daktari kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, kwa kuwa upo ugonjwa wa kurithi wa misuli ambao huwapata zaidi wavulana na dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa hiyo tu ya kuchelewa.

Lipo moja ambalo halina umri. Mtoto aliyekuwa akikaa ameacha kukaa, aliyekuwa na maneno hana tena. Kupoteza alichokwisha kuweza ni jambo la kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo. Kuhusu maneno nawaachia wenzangu, ila hili nalisema kila mara: mtoto wa miezi kumi asiyebwabwaja apimwe masikio, hata kama hushtuka mlango ukibamizwa.

Vigari vya kujifunzia kutembea sivipendi. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiporomoka navyo ngazini, na havimharakishi mtoto kutembea. Ndani ya kigari hajibebi uzito ipasavyo wala hajifunzi kuanguka, na kuanguka ndiyo shule yenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa New York waliwahesabia hatua watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza: kwa wastani, kila saa walipiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Mtu mzima angekata tamaa kabla ya saa kuisha. Mtazame anayesimama dede: mikono juu usawa wa masikio, miguu imetanuka, vidole vinang'ang'ania sakafu. Akiangukia makalio, humtazama kwanza mama. Mama asiposhtuka, safari inaendelea.

Na kuna jambo ambalo kama mzazi lilinigusa kuliko hiyo hatua ya kwanza. Karibu na miezi minane au tisa, mtoto anapoanza kuweza kukuacha na kwenda zake, ndipo anapoanza kulia wewe ukitoka chumbani. Yeye anaruhusiwa kuondoka, wewe huruhusiwi! Kisa ni kwamba sasa anajua bado upo hata kama hakuoni. Nililijua hilo darasani miaka mingi kabla ya kuzaa. Kulijua hakukunisaidia kwenda chooni peke yangu.

Ukipanga kuja kuonana na mtaalamu, mpige mtoto video nyumbani. Kwetu wengi huganda wakiona sura ngeni, nami nabaki nikitazama mtoto aliyejificha kifuani kwa baba. Weka simu chini, usawa wa sakafu, usimwite wala usimwelekeze, na muweke mdoli mbali kidogo naye. Mvue soksi. Dakika mbili zinatosha.